OCHUKA NA NDEGE ASIZOWEZA KUZIRUSHA

Mwaka huu mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu walikimbilia Tom Mboya, na si ajabu, maana Rusinga ni hapa hapa, ukipanda boti unamfikia kaburini. Mimi nimemchagua mtu ambaye jina lake nyumbani kwetu hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ukutani kuna anayesikiliza. Mtu huyo ni Hezekiah Ochuka Rabala.

Nitaeleza kilichonitia katika jambo hili. Tarehe 1 Juni 2025, sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa kitaifa hapa Homa Bay, katika uwanja wa Raila Odinga. Nyanya yangu alikuwa amekuja kutoka Migori kushuhudia. Mji ulifurika watu, vibanda vya samaki vilijaa, bei za vyumba vya kulala zikapanda hata wageni wengine wakalala ndani ya matatu. Sisi wawili tulisimama mbali kidogo na uwanja, kwenye mwinuko, kwa sababu nyanya hapendi msongamano. Mara ndege za Jeshi la Wanahewa zikapita juu yetu. Mngurumo ulifika baada ya ndege zenyewe kupita, na watoto wakapiga vigelegele. Mimi nilirukaruka kama mwendawazimu, maana ndoto yangu tangu darasa la tatu ni kuwa rubani. Nilipogeuka kumtazama nyanya nikamkuta ameinama, mikono yote miwili juu ya kitambaa chake cha kichwa. Mngurumo ulipotulia alitaja jina moja tu, Ochuka, kisha akaniomba twende tukanywe chai.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuuliza. Na katika mjadala wetu wa chama muhula uliofuata, nilipoligusa jina hilo, chumba kiligawanyika. Wengine walisema alikuwa shujaa. Wengine wakasema alikuwa haini aliyemwaga damu za watu bure. Kengele ya chakula ikalia na hatukuafikiana. Mimi sikuweza kumfanya shujaa wala shetani. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba maisha yake yote yalikuja kutegemea kitu kimoja, yaani ndege za kivita, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa rubani.

Ochuka alizaliwa mwaka 1953, mtu wa Nyakach. Nyakach si mbali. Ukipanda matatu ya kwenda Kisumu kwa njia ya Kendu Bay, muda si mrefu baada ya kuvuka mto Sondu-Miriu unajikuta huko, na ukiwa dirishani utaona miamba na mashamba ya mtama yasiyo tofauti na ya kwetu. Siku hizi Nyakach ni ya kaunti ya Kisumu na sisi ni wa Homa Bay, lakini jua ni moja na udongo ni mmoja. Alizaliwa chini ya ukoloni, na bendera ya Uingereza iliposhushwa mwezi wa Desemba 1963 alikuwa mtoto wa miaka kumi.

Jeshi alilokuja kulitumikia lilikuwa changa kuliko yeye mwenyewe. Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, kwa msaada wa Waingereza. Kumbe siku ile ndege zilipopita juu yetu hapa Homa Bay, jeshi hilo lilikuwa linatimiza miaka 61! Mwanzoni lilikuwa na ndege ndogo ndogo za mafunzo na za kubebea mizigo. Mwaka 1971 zikaja Strikemaster sita kutoka Uingereza, ndege ya jeti ambayo rubani na mwanafunzi wake huketi bega kwa bega, nayo huweza kubeba mabomu. Baadaye zikaja Hawker Hunter. Kisha zikaja Buffalo kutoka Canada, ndege yenye injini mbili za rafadha na mlango mkubwa nyuma, inayoweza kutua kwenye uwanja mfupi wa udongo. Tafadhali ikumbuke Buffalo, kwa maana itarudi katika kisa hiki.

Lakini iliyowatia watu wazimu ni F-5. Serikali iliagiza ndege 12 za aina hiyo kutoka Marekani, zikafika mwaka 1978. Kumi kati ya hizo zilikuwa F-5E, za kiti kimoja, na mbili zilikuwa F-5F, za viti viwili. F-5 ni nyembamba kama mkuki, ina injini mbili mkiani, na juu angani hukimbia zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Hesabu mwenyewe: matatu kutoka Homa Bay hadi Migori hutumia zaidi ya saa moja ikisimama kila kituo, na F-5 ingekwisha kupita kabla kondakta hajarudisha chenji. Kambi yao ilikuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Ndege za kubebea mizigo zilikuwa Eastleigh, Nairobi.

Ochuka aliingia jeshi hili akiwa kijana, na kufikia mwaka 1982 alikuwa na cheo cha praiveti mwandamizi wa daraja la kwanza. Msomaji asidanganywe na hilo neno mwandamizi. Cheo hicho ni cha pili kutoka chini kabisa. Marubani ni maofisa, wana mkahawa wao na nyumba zao, na wanapigiwa saluti. Praiveti ndiye anayepiga saluti.

Kuna mzee mmoja jirani yetu hapa Homa Bay ambaye siku hizi hutengeneza injini za boti. Zamani alikuwa fundi wa ndege jeshini, akaacha kazi mwaka 1980 kwa hiari yake. Nilimwendea nikiwa na daftari. Huyu mzee hakumfahamu Ochuka, na alikataa katakata kuzungumza habari za siasa. Alikubali kuzungumza habari za ndege, na hapo alizungumza mpaka boti za jioni zikarudi. Alinieleza kwamba ndege ya kivita ina mabwana wawili. Yupo aliye chini, na yupo aliye juu. Fundi asipotia sahihi kwamba ndege ni nzima, haipai, hata kama rubani ni jenerali. Kwa hiyo wanahewa wa chini wana nguvu kubwa sana, lakini ni nguvu ya kuzuia. Wanaweza kuifungia ndege isiende. Kuipeleka wanakotaka wao, hilo hawawezi. Magurudumu yakishaacha lami, kila kitu kiko mkononi mwa mtu mmoja aliyeshika usukani. Mzee alisema haya akisafisha kabureta, wala hakuwa na habari kwamba alikuwa amenipa ufunguo wa maisha ya Ochuka.

Sasa tuje mwaka wenyewe. Mwezi wa Juni 1982 Bunge lilibadilisha katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Wahadhiri na wanasiasa kadhaa walikuwa wamewekwa kizuizini bila kushtakiwa. Bei za vitu zilikuwa juu. Na ndani ya kambi za wanahewa kulikuwa na manung'uniko ya wale wa vyeo vya chini kuhusu hali yao ya maisha. Inasemekana Ochuka alikuwa na tamaa ya urais siku nyingi, hata akachonga maneno ya tamaa hiyo kwenye meza yake. Mimi sikuwepo. Lakini nimeona madawati ya darasani kwetu yalivyochongwa, na nakiri kwamba mtu wa miaka 29 kuchonga ndoto yake mezani si jambo gumu kuamini.

Pamoja na wenzake aliunda kikundi walichokiita Baraza la Ukombozi la Wananchi, yeye akiwa mwenyekiti. Walichagua siku ambayo sehemu kubwa ya jeshi la nchi kavu ilikuwa mbali, mazoezini huko Lodwar, Turkana. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, mnamo saa tisa, wakaanza. Wakazishika kambi za Embakasi na Eastleigh. Wakachukua uwanja wa ndege, posta, na kituo cha redio cha Sauti ya Kenya.

Wana Kiswahili wenzangu, hapa pana jambo linalotuhusu. Ochuka alihitaji sauti ambayo Wakenya wangeiamini, basi yeye na askari wake wakaenda nyumbani kwa Leonard Mambo Mbotela, mtaa wa Ngara, wakamtoa kitandani. Huyu ndiye Mbotela wa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, aliyefariki mwezi wa Februari 2025 na kuliliwa na wapenzi wa Kiswahili nchi nzima. Akapelekwa studio chini ya bunduki, akatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sauti iliyokuwa ikiwafundisha watu adabu ndiyo iliyowaamsha kwa habari hiyo.

Nyanya aliisikia. Wakati huo Migori na Homa Bay zote zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, yeye akiwa mke mdogo mwenye watoto wawili, anauza sabuni na mafuta ya kupikia. Alikuwa anajiandaa kwenda kanisani. Redio yao ya betri ilikuwa ya baba mkwe, na haikuwashwa na mtu mwingine. Anasema wanaume walijaa uani wakisikiliza kimya, na hakuna aliyethubutu kucheka wala kulia, kwa sababu hakuna aliyejua kufikia jioni ni kicheko au kilio kitakachomtia mtu taabani. Jina la Ochuka lilipofahamika, ikawa vibaya zaidi. Lilikuwa jina la kwetu. Mama mkwe wake akafunga mlango wa mbele, mchana kweupe.

Nairobi nako mambo yalikuwa mengine. Baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani kushangilia. Watu wengine waliingia madukani kupora, na wanahewa wengine wakaacha kazi iliyowatoa kambini wakajiunga na uporaji. Wapo waliopata televisheni asubuhi na kupoteza maisha adhuhuri.

Lakini Ochuka alijua kwamba redio peke yake haitoshi. Rais Moi alikuwa hai, nyumbani kwake Kabarak. Ikulu ilikuwa bado inalindwa. Kikosi cha GSU kilikuwa Ruaraka na silaha zake zote. Kitu pekee ambacho Jeshi la Wanahewa lilikuwa nacho na wengine hawana ni ndege. Kwa hiyo mpango ulikuwa kwamba ndege za Nanyuki zije kupiga mabomu Ikulu na makao ya GSU. Kutoka Nanyuki hadi Nairobi ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Kwa F-5 ni dakika chache tu. Kama ndege zile zingefanya walichotaka, sijui historia ya Kenya ingesomekaje leo, na sijui ni Wakenya wangapi wa Nairobi wasiohusika na lolote wangekufa Jumapili ile.

Kule Nanyuki aliyesimamia mambo alikuwa koplo mmoja aitwaye Bramwel Injeni Njereman. Mabomu yakafungwa kwenye ndege. Mafundi walikuwepo, bunduki zilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kurusha. Hakuna praiveti wala koplo anayeweza kuingia ndani ya F-5 akaipaisha kwa kubahatisha, kama vile mtu anavyojifunza kuendesha trekta ya jirani. Mafunzo yake ni ya miaka. Ikabidi wawashike marubani, miongoni mwao Meja David Mutua, na kuwaamrisha kwa mtutu wa bunduki. Ndege tatu zikatayarishwa, F-5 mbili na Strikemaster moja.

Sasa tazama, bana, jinsi umbo la ndege linavyoweza kuamua mambo ya nchi. F-5E ina kiti kimoja. Ukishamfungia rubani humo ndani, huna mahali pa kuketi na bunduki yako nyuma ya kisogo chake. Ndiyo sababu Njereman alipanda F-5F, ile ya viti viwili, akaketi nyuma ya Meja Mutua. Alidhani hivyo ndivyo atakavyohakikisha amri inatimizwa. Lakini hakuwa mtu aliyezoea jeti. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi tangu hapo: Mutua aliikunja ndege angani kwa kona kali, akaipandisha na kuishusha, mpaka abiria wake akalegea kwa kizunguzungu na kichefuchefu. Mzee wangu wa injini za boti alinieleza kwamba katika kona kama hizo mwili wa mtu huwa mzito mara kadhaa, damu hukimbilia miguuni, na asiyefunzwa kukaza misuli huona giza. Mkono hauinuki. Bunduki aliyoshika mtu huyo ni chuma tu. Na hata kama angeweza kuinyanyua, angempiga nani? Akimpiga rubani, wanakufa wawili.

Marubani hawakwenda Ikulu. Waliyaachia mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, kisha wakageuza wakarudi. Ikulu haikuguswa na Ruaraka haikuguswa. Nimejaribu sana kuwaza jinsi Ochuka alivyokuwa huko Nairobi asubuhi ile, akitega sikio asikie mngurumo kutoka kaskazini. Muda unakwenda, hausikiki. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mapinduzi yalipokwisha, hata kama risasi ziliendelea kulia kwa saa nyingi.

Mengine yalikwenda haraka. Meja Jenerali Mahamoud Mohamed, naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu, alikusanya askari wachache, wakavamia kituo cha redio na kukikomboa. Mbotela yule yule akatangaza tena, safari hii kwamba serikali ya Moi ingalipo. Utawala wa Ochuka, kama unaweza kuitwa utawala, ulikuwa wa saa sita hivi. Zaidi ya watu mia moja walikufa, askari na raia. Wengi wao hawakujua hata huyo Ochuka ni nani.

Yeye aliona mambo yameharibika akakimbilia ndege tena. Na kwa mara nyingine hakuweza kuirusha. Pale Eastleigh palikuwa na Buffalo. Pamoja na mwenzake, Pancras Oteyo Okumu, waliwalazimisha marubani wawili, wote wenye cheo cha meja, kuwapeleka Tanzania. Wakatua Dar es Salaam, wakaomba hifadhi. Mimi huitafakari sana safari hiyo. Asubuhi alikuwa na jeshi zima la anga, F-5, Strikemaster, Hawk na helikopta. Mchana amebaki na mlango wa nyuma wa ndege ya mizigo.

Watu wa Migori wakati huo walikuwa wakikodoa macho upande wa Isebania. Nyanya anasema kwa wiki nzima askari walijaa barabarani, na kila kijana mgeni aliulizwa anatoka wapi. Kumbe mtu waliyekuwa wakimtafuta alikuwa ameshapita juu. Tena mpaka wenyewe ulikuwa umefungwa. Tangu mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya. Pale Isebania na Sirare watu wa ukoo mmoja walitazamana kwa kizuizi. Biashara ikawa ya njia za panya. Sabuni za nyanya zilivuka usiku, na mara mbili zilikamatwa zote.

Nawaomba wasomaji msikilize vizuri hapa, kwa sababu vitabu vyetu vya historia huliruka. Ochuka alikaa Tanzania zaidi ya mwaka mmoja. Mapema mwaka 1983 kulikuwa na njama ya kuipindua serikali ya Mwalimu Nyerere, na wawili kati ya waliotuhumiwa walitoroka rumande Dar es Salaam wakakimbilia Kenya. Kila nchi sasa ilikuwa na watu waliotakiwa na nchi ya pili. Mwezi wa Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote wa Uganda walikutana Arusha, wakamaliza ugomvi wa kugawana mali za Jumuiya, na mpaka ukafunguliwa. Katika kipindi hicho hicho watuhumiwa wakabadilishwa, na Ochuka akarudishwa Kenya.

Kwa nyanya yangu Novemba ile ni mwezi wa furaha. Anakumbuka alivyovuka Isebania mchana, kichwa juu, furushi kichwani, akawasalimia shangazi zake wa upande wa pili waliokuwa hawajamwona tangu azae. Ada ya shule ya mama yangu ilitoka katika biashara ya mpaka ule. Yaani hata mimi ninayeandika haya nina sehemu yangu katika maafikiano yale. Nilipomweleza nyanya kwamba makubaliano yaliyomfungulia njia ndiyo yaliyomleta Ochuka kwenye kitanzi, hakujibu. Aliendelea kuchambua omena, akatupa hata nzima.

Ochuka alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akapatikana na hatia, akahukumiwa kifo. Mwezi wa Julai 1987 alinyongwa katika gereza la Kamiti, yeye pamoja na Okumu, Njereman, na Walter Odira Ojode. Hata miaka 35 hakuifikisha. Hao ndio watu wa mwisho kunyongwa kwa amri ya serikali ya Kenya mpaka hivi leo. Mahakama zimeendelea kutoa hukumu ya kifo, lakini mnyongaji hajaitwa kazini tena, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba si halali kumlazimisha jaji kutoa hukumu hiyo kwa kila aliyeua.

Jeshi la Wanahewa lenyewe nalo liliadhibiwa. Lilivunjwa mwezi ule ule wa Agosti 1982. Maelfu ya wanahewa walikamatwa, wakiwemo wengi ambao Jumapili ile walikuwa likizoni au wamelala tu. Likaundwa upya chini ya Mahamoud Mohamed, likapewa jina la mwaka wa aibu yake, na halikurudishiwa jina lake la zamani mpaka 1994. Kambi ya Eastleigh ikaitwa Moi. Na raia pia walibebwa na mkondo huo. Raila Odinga alishtakiwa kwa uhaini, mashtaka yakaondolewa, kisha akawekwa kizuizini bila kesi hadi 1988. Mwana huyo huyo, aliyefariki Oktoba 2025, ndiye ambaye uwanja wetu hapa Homa Bay una jina lake. Kwa hiyo ile siku ya Madaraka ndege za jeshi lile zilipita juu ya jina la mtu aliyefungwa kwa sababu ya mambo ya jeshi lile. Wanafunzi wenzangu waliokuwa uwanjani walishangilia tu, na mimi pia nilishangilia. Sikuwa najua.

Nilimrudia yule mzee fundi nikamsomea sehemu ya Nanyuki nipate uhakika sijakosea mambo ya ndege. Alinisahihisha mahali pawili. Kisha akaniuliza kama bado nataka kuwa rubani. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama ningekuwa mimi kwenye kile kiti cha mbele, na koplo yuko nyuma, ningekwenda wapi. Nikasema msituni. Akasema nisijibu haraka hivyo, maana wale marubani hawakujua kama wakirudi chini watakuta kambi iko mikononi mwa nani.

Niliandika jambo hilo kwenye daftari nikaondoka. Likizo ilipofika nikaenda Migori. Nilimkuta nyanya kwenye redio, mpya hii, ya kuchaji kwa jua. Nikamsomea makala hii yote kuanzia mwanzo. Alinikatiza mara moja tu, nilipofika kwenye Buffalo, akitaka kujua ndege kubwa namna hiyo ilipita upande gani wakati wa kwenda Tanzania, kwa sababu mwaka mzima ule alikuwa na hakika kwamba aliisikia.